Sikukusikia, Rudia

Kwetu Calama mvua ni habari ya gazetini.
Hapa Valdivia inanyesha kama mtu anayelipwa kwa saa.
Nilikuja bila mwavuli. Nikanunua mmoja Aprili,
upepo ukaupindua mbele ya maktaba,
wakacheka wawili, nami nikacheka nao,
kisha nikarudi chumbani nikalala hadi kesho yake jioni.

Kila Jumanne, saa kumi na moja,
najifungia chumba cha kufulia,
maana mtandao wa Bi Otilia, mwenye nyumba,
una nguvu pale tu, kati ya mashine na beseni,
na kuta za mbao za nyumba hii hazijui kutunza siri:
nikipiga chafya, chumba cha tatu wananitakia afya.

Naegemeza simu kwenye boksi la sabuni.
Anatokea Mireya Oyarzún, mwanasaikolojia,
kichwa na mabega, kama picha ya pasipoti inayopumua;
nyuma yake rafu, na jagi la bluu lililomeguka mdomo.
Yuko Castro, kisiwani Chiloé. Sijui kimo chake.
Sijui kama amevaa viatu.

Wiki ya kwanza aliuliza: "Umelalaje?"
Nikasema: "Salama."
Ya pili: "Unakula nini?"
Nikasema: "Chakula."
Ya tatu nikamweleza habari za simba wa baharini
wanaolala mtoni, kando ya soko la samaki,
wanene, wananuka, wanakoroma mchana kweupe,
wala hakuna anayewauliza watahitimu lini.
Alicheka, kisha akanyamaza; akaniachia kile kimya
kama mtu anayekusogezea kiti.

Sikukaa.

Mama hupiga Jumapili. Baba yuko mgodini,
siku saba kwenye shaba, siku saba kitandani.
"Masomo je?" anauliza mama.
"Yanakwenda."
Na kweli yanakwenda. Mimi ndiye siendi.

Jumanne ya sita mvua ilikuwa ikipiga bati kwa ngumi.
Mireya alikuwa akisema, "Na asubuhi, Yerko, unapoamka..."
akaganda.
Mdomo nusu wazi, jicho moja limefumba,
mkono umesambaratika vipande vipande vya rangi.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Ningekata. Badala yake nikaisogelea simu,
na kwa uso ule usioweza kushtuka
nikasema yote:
kwamba hii ni wiki ya tano sijaingia darasani,
kwamba nafika hadi mlango wa jengo la uhandisi,
nashika kitasa, kina baridi, nageuka;
kwamba matokeo niliyomtumia mama niliyaandika mwenyewe,
nikajipa tano nukta nane, sikujipa saba,
ili uongo uwe na adabu;
kwamba nimechoka kuwa wa kwanza kutoka mtaani kwetu.
Nikalia kidogo, kwa kufuata mashine:
ikizunguka, nalia; ikitua, natua.

Picha ikatikisika. Akarudi.
"Samahani, Yerko, ulikatika.
Sikukusikia. Unaweza kurudia?"

Ningeweza kusema: nilikuwa nazungumzia mvua.
Sentensi hiyo nilikuwa nayo mdomoni, imeshapigwa pasi.

Nikafungua mashine, nikatoa soksi,
ya Bi Otilia, si yangu, ya sufu, yenye vuguvugu.
Nikaishika.
"Nilisema," nikasema,
"nafika hadi mlangoni."

"Mlango upi?"

Tulikaa na kitasa kile dakika ishirini.
Hakuniambia nikizungushe.
Aliuliza kiko usawa gani wa mwili wangu,
mkono upi hutangulia,
kimetengenezwa kwa madini gani.
Hilo la mwisho sikulijua.

Leo Alhamisi. Mvua, bila shaka.
Nimesimama mbele ya jengo, mkono wa kushoto mfukoni.
Ni shaba.
Miezi minne, na sikuwa nimeona.
Imelika pembeni, pale mikono ya wengine inapopita.

Sijaingia.
Nimekipiga picha. Jumanne nitamwonyesha.